Mtoto Asiye na Namba

Kwetu mtoto hapewi jina mpaka siku ya saba. Hapo ndipo zahanati ya Kikambala, ninakoshughulikia kompyuta, humfungulia kadi yenye namba. Lakini chanjo ya kwanza haingoji jina. Kichanga huchanjwa, na karani huiacha nafasi ya namba wazi mpaka kadi ifunguliwe.

Kila Jumatatu kompyuta hutoa orodha ya watoto ambao hawajafika kuchanjwa, nasi huwapigia simu mama zao. Daima orodha ilichelewa, na daktari alinishikilia niiharakishe. Tulipofungua wodi ya uzazi, vichanga wakawa wanachanjwa hapo hapo, orodha ikaanza kutoka tupu. Wenzangu walishangilia, eti watoto wote wamefika. Mimi sikuamini. Watu wa pwani hii nawajua, hata harusi zao wenyewe huchelewa. Tena watoto wa Mtwapa walishaanza kuletwa wakiwa na homa, macho mekundu, kisha vipele. Surua hiyo.

Nikaifungua programu, iliyoandikwa kabla sijaajiriwa. Iliuliza: ni nani ambaye namba yake haimo miongoni mwa waliochanjwa? Na humo mlikuwa na kichanga asiye na namba. Kwa kompyuta, nafasi iliyo wazi si sifuri, wala si "hana", ni "sijui". Huenda kichanga yule ndiye mtoto huyu, huenda ndiye yule. Basi haikuthubutu kusema kwamba mtoto yeyote hakufika. Na kwa kuwa nafasi wazi ziliruhusiwa, haikuweza kushika njia ya mkato ya kulinganisha orodha mbili, ya watoto wote na ya waliochanjwa, kwa mkupuo. Kwa kila mtoto ilianza kusoma upya, ndiyo maana orodha ilichelewa. Nilikasirika, nikamwita daktari nikamwonyesha.

"Si uwajazie namba yoyote tu?" daktari akauliza.

"Hapana, daktari. Tutampa mtoto namba ya mwenziwe, kisha mwenziwe aonekane ameshachanjwa."

Nikabadilisha swali: je, ipo chanjo yenye namba ya mtoto huyu? Kama haipo, aitwe. Orodha ikatoka papo hapo, ndefu ya kutia aibu. Mpwa wangu alikuwamo.

Nikampigia dada yangu, anayeishi Mtwapa. "Mlete mtoto leo, achanjwe surua."

"Mbona mmechelewa, kaka? Nilikuwa naingoja simu yenu," akasema. "Tangu jana ana homa, na macho yamekuwa mekundu."