Lisette Ataambiwa wa Mwisho

"Apana! Lisette ataambiwa wa mwisho, na ataambiwa na watu wengine!" Tajudini alipiga meza, vikombe vikaruka. "Nimemaliza."

"Hujamaliza, baba Houda," mkewe Khadidja akamjibu, mikono kiunoni. "Konkuru, mtihani wa taifa, ni mwezi wa sita. Ukimwambia leo, atatafuta mwalimu mwingine. Ukinyamaza, atakayeanguka si Lisette, ni mutoto wake Orlane."

"Aanguke, mama yake aone," nikasema mimi. Nilikuwa nachambua maharage, lakini masikio yangu hayachambui kitu, yanabeba vyote.

Huyu ndugu yangu amefundisha watoto majumbani kwao, hesabu na Kifaransa, tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Sasa macho yamechoka. Akitaka kusoma daftari analisukuma mbali, mbali, mpaka linakaribia kuvuka ziwa na kuombwa pasipoti Kongo. Ameamua kuacha. Familia za mitaa ya Ngagara na Mutanga Sud aliziambia mapema, kwa heshima, kila moja ikapata mtu wa kushika nafasi yake, mpaka walimu wazuri wakaisha mjini. Imebaki nyumba moja ya Kinindo kwa matajiri, ya Lisette. Hiyo aliiruka makusudi, na mimi ndiye niliyemshika mkono airuke.

Sababu tunayo. Mwaka jana mtoto wake mkubwa, Bonfils, alipopita mtihani, Lisette alisimamisha hema la sherehe, akashika mikro ahutubie. Akamshukuru Mungu, padri, mkurugenzi wa shule, mpishi, fundi wa jenereta, na mbwa kwa kutobweka mtoto akisoma. Mbwa akasimama akainamisha kichwa. Jina la Tajudini halikutoka. Kiboko aliyepanda kutoka ziwani kula majani ya matajiri aliisikia hotuba ile, akaona haya, akarudi majini na njaa yake. Msiniulize nani kaniambia. Na ndugu yangu alikuwa wapi? Nyuma, kati ya madereva, amekalishwa juu ya kasha la bia. Mutu wa swala tano, kasha la bia!

"Si ungeondoka?" Khadidja akamwuliza.

Tajudini akainamisha macho. "Orlane aliniletea sahani ya wali. Yeye peke yake."

"Ehe! Na huyo ndiye unataka kumuangusha?"

"Sahani ya wali haifuti kasha," nikasema. "Ilikuwa na nyama?"

"Ilikuwa nayo, dada."

"Nyama ya kweli ama mfupa?"

"Wifi, nyamaza basi!" Khadidja akanifokea.

"Mi nataka siku moja tu," Tajudini akasema. "Siku moja Lisette asimame kwa watu, atafute pa kukaa, akose."

Honi ikalia nje. Mtaani kwetu Buyenzi kote hakuna gari yenye honi ya kujisikia namna ile. Nikachungulia: ni yeye. Goti langu lililouma tangu Ramadhani likapona hapo hapo. Khadidja hajafumba mdomo, viti vyote nimeshaviingiza chumbani, nimeacha kasha la Fanta katikati ya sebule.

"Hodi!" Lisette akaingia, viatu virefu vimejaa matope ya mtaa wetu, Orlane nyuma yake na mfuko mgongoni. "Jambo, mwalimu. Médiatrice wa Mutanga Sud ananiambia unaacha. Ni kweli? Kila mutu anajua, isipokuwa mimi?"



"Karibu, Madamu," nikasema, nikalisukuma kasha kwa mguu mpaka mbele yake. "Kaa hapa. Kukaribisha walimu na wageni tulijifunza kwako."

Lisette akalitazama kasha. Akamtazama Tajudini. Nikauona uso wake unakumbuka, na wallahi nilishiba bila kula.

Lakini Orlane alimzunguka mama yake, akalikalia kasha yeye. Akatoa daftari la hesabu, akalifungua, akalielekeza kwa mwalimu. Hakumsogezea. Alinyoosha mkono, akalishika mbali, pale macho ya Tajudini yanapofika.