Leso za Kampeni ya Anti Kamala

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka ya Guangzhou, kule Uchina, ni ya jinzi mpya. Mama yangu, mfanyabiashara wa Mombasa, alizileta marobota kwa marobota kutoka viwanda vya Xintang, na kwa kuwa ofisi yetu katika jengo la Tianxiu Dasha ndiyo iliyokuwa nyumba yetu, nilifanyia kazi zangu za shule juu ya marobota hayo, buluu ikinishika viwiko. Miaka hiyo biashara ilichachamaa. Lifti zilijaa watu na mizigo tangu asubuhi. Jioni harufu ya jinzi ilishindwa na ya uwatu uliokaangwa kwa mafuta ya haradali, nami nikajua Anti Kamala, jirani yetu, amefunga kibanda chake cha shali na anapika. Alikuwa Mnepali, mumewe akifanya kazi Uarabuni. Mama aliposhinda viwandani, yeye ndiye aliyenilisha, akanisuka, akanikemea nilipostahili. Nilimpenda mno, na sioni haya kusema.

Msimu mmoja wa mvua akapigiwa simu kutoka kwao. Vita vilikuwa vimekwisha, vyama vikitafuta wanawake wa kugombea ubunge, na chama kimoja kikamtaka yeye. Kabla ya kuja Uchina alikuwa akiwafundisha wanawake wa milimani kusoma, nao hawakumsahau. Lakini baba mkwe wake akatuma neno: akipanda jukwaani, asikanyage tena nyumbani kwake. Na humo ndimo alimokuwa akilelewa binti yake, msichana wa rika langu. Anti Kamala akapoteza hamu ya kula. Alipika, akatupakulia, kisha akakaa akitutazama tu.

Mama, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alimwambia, "Kamala, mume yuko Uarabuni, mtoto yuko milimani, na weye uko Uchina. Huyo mzee akufukuze kutoka wapi tena?" Anti Kamala alicheka huku akilia, na sijui lipi lilitangulia. Kesho yake akasema atakwenda. Mimi nilijifungia chooni nikalia kwa kwikwi, maana hakuna aliyeniuliza mimi nitasukwa na nani.

Sasa Mama alikuwa amewahi kuwachapishia wanasiasa wa kwetu fulana na kofia za kampeni, na kwake mgombea asiye na leso yenye sura yake alikuwa bado hajagombea. Bila kumwambia mwenyewe, akachukua picha yake akaipeleka kwa mchapishaji wa vitambaa. "Laoban," alimwambia bosi yule, akipanua mikono, "sura kubwa! Kubwa!" Na kwa kuwa leso bila maneno ni kitambaa tu, chini ya picha akaamuru pachapwe: HABA NA HABA HUJAZA KIBABA. Kwamba kule milimani hakuna atakayekisoma Kiswahili chake, hilo halikumshughulisha hata kidogo.

Leso zilipofika, Mama alijifunga moja kiunoni akazunguka atuonyeshe. Uso wa Anti Kamala, mkubwa na wenye tabasamu, ukaangukia barabara juu ya makalio ya Mama. Kwetu jambo hilo ni la kawaida. Wakubwa wangapi wamekaliwa hivyo na wasilalamike. Anti Kamala alishika kichwa. "Mama Zuhura, hapana!" alisema kwa Kiswahili chake cha dukani. "Kwetu kichwa ni heshima sana. Baba mkwe naona mimi hapo chini, yeye nakufa!" Mama alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kisha Anti Kamala, muuza shali, akaifungua leso ile taratibu, akamtanda mabegani, akarudi nyuma kuitazama. "Hapa sawa," alisema. Siku ya safari akaondoka nazo zote, begi likikataa kufunga, na Mama akampigia vigelegele mpaka walinzi wakapanda juu kuuliza kulikoni.

Anti Kamala alishindwa vibaya. Tulipata habari kwa simu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa hotuba. Baba mkwe alikuwa amemfungia mlango kweli, yeye akalala kwa dada yake, na binti alimwona kwenye mikutano tu, msichana akisimama nyuma na wenzake. Siku hiyo Mama hakumtania. Alimwambia tu, "Pole, mwanangu."

Hakurudi Guangzhou. Aligombea tena, akashindwa tena, na uchaguzi uliofuata wakamchagua kuwa naibu mkuu wa halmashauri yao, anayesikiliza kesi za wake waliofukuzwa na wakwe zao. Siku hizi tunaonana kwa video, mimi nikiwa Mombasa, wakati zamani tulikwangua kadi ya simu ili kuisikia sauti tu. Jengo letu la Tianxiu, nasikia, limetulia. Wengi wa watu wetu wameondoka. Juzi, kwa woga kidogo, nilimwuliza habari za baba mkwe. Akaigeuza simu, nikamwona mzee mwembamba akila wali, polepole.

"Yuko kwangu," alisema Anti Kamala. "Alikuja mwenyewe, akabisha hodi. Nikamfungulia."