Sahani Iliyorudi Tupu

Ipo siku moja isiyotoka kichwani mwangu, mwanangu, hata sasa ninaposahau mahali nilipoweka miwani yangu. Ilikuwa siku ya pili baada ya Bonane, ndivyo tunavyouita Mwaka Mpya huku kwetu Lubumbashi. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Nilisimama uani, huko mtaa wa Katuba, nikiwa na sahani mkononi, na nilikuwa nimejisifu moyoni kwamba ninakwenda kutenda wema.

Mimi, Feza, nilikuwa na miezi saba tu ya ndoa, na tuliishi kwa mama wa mume wangu, Mama Kyungu. Huyo alikuwa mwanamke wa maneno machache na masufuria mengi. Baada ya sikukuu hakutupa kitu. Bukari iliyolala, yaani ugali wetu wa jana, aliivunjavunja ndani ya maji, akaipika ikawa uji mwepesi, akaiacha hadi iwe vuguvugu, kisha akatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Kesho yake mlikuwa na kinywaji cha kuburudisha koo. Wali aliuponda pamoja na kitunguu na yai, akaukaanga vipande vidogo bapa. Samaki alimtoa miiba kwa vidole, polepole, kama mtu anayechambua nywele za mtoto, akamchanganya na karanga za kutwanga, akamfunga katika majani ya ndizi na kumpika kwa mvuke. Mifupa ya kuku iliingia katika supu ya mboga za lengalenga. Wazee walisema jungu kuu halikosi ukoko, lakini kwa Mama Kyungu hata huo ukoko ulianikwa juani, ukatwangwa, ukawa uji wa asubuhi.

Sahani ya kwanza ya vitu hivyo ilikwenda mlango wa pili, kwa Mama Ngosa. Alikuwa mjane wa mvuvi, mzaliwa wa Kasenga, na watoto wake wote wanne aliwazika: Kasongo, Mwape, Chola, na yule wa mwisho ambaye aliishi siku tisa tu, Kunda. Kila mtu alijua kwamba siku ya Bonane moshi haukutoka kwake. Lakini Mama Kyungu hakulitaja hilo. Alipofika mlangoni alisema, "Ngosa, onja hii munkoyo, uniambie kama mizizi imetosha. Miye ulimi yangu imezeeka." Naye Mama Ngosa alionja, akakunja uso, akasema, "Imetosha, mè uliiharakisha. Weye toka zamani uko na haraka." Wakacheka.

Na sahani haikurudi tupu. Ilirudi na ndimu mbili, au chumvi kidogo kwenye karatasi, au samaki mkavu mdogo wa mto Luapula aliyeletwa na mpwa wake. Mimi niliyaona hayo nikadhani ni michezo ya wazee. Kwa nini mtu apoteze siku nzima kuchambua miiba, wakati tumbo la jirani halijui kama wali ni wa jana?

Bonane ile Mama Kyungu alikwenda Kasomeno kumzika kaka yake, akaniachia nyumba. Chakula kilibaki kingi. Nilichoka, mwanangu, nisikudanganye. Nikachukua sahani, nikatia bukari ilivyokuwa, ngumu na yenye alama za vidole, nikatia kichwa cha samaki na mgongo wake ulioliwa upande mmoja, na wali wa chini ya sufuria. Nikatoka. Mama Ngosa alikuwa ameketi mbele ya mlango wake anapepea mbabula, lile jiko letu la makaa, na hapo walikuwepo majirani watatu: Mama Kabamba, Mama Sifa, na Ester mke wa fundi viatu.

Nikamnyooshea sahani mbele yao wote. "Shika, Mama. Hii njo ilibakia. Siye tulishiba, ilikuwa inaenda kutupwa."

Mama Kabamba, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akasema, "Ala, leo mbwa ya Feza italala njaa."

Wakacheka. Nami nilicheka. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile si ulimi wa Kabamba uliovunja kitu. Ni kicheko changu. Kama ningenyamaza tu, labda.

Mama Ngosa aliipokea sahani kwa mikono miwili. "Aksanti, mwana," alisema. "Mungu akuongezee." Akaingia ndani.

Asubuhi nilikuta sahani juu ya ngazi yetu. Imeoshwa inang'aa. Ndani yake hakukuwa na ndimu, hakukuwa na chumvi. Sikuona ajabu. Niliipanga pamoja na nyingine.

Mama Kyungu alirudi baada ya juma moja, miguu imemvimba kwa safari. Hakuuliza habari za mwanawe wala zangu. Aliangalia kabatini, akauliza, "Sahani ya Ngosa ilirudi na nini?"

"Ilirudi safi, Mama."

"Sikuuliza kama iko safi. Ilirudi na nini?"

"Na kitu hapana."

Alikaa juu ya kiti kidogo. Nikamweleza yote, hata maneno ya Kabamba, maana nilidhani yatamchekesha. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba hadi leo: "Feza, chakula ililala, inafaa uiamushe mbele ya kuituma. Uioshe uso, uivalishe. Ukiituma vile iko, umetuma njaa ya muntu ikatembee uchi mbele ya bantu."

Hakunipiga, hakunitukana. Alinipikisha bukari mpya, akaniambia niiache ilale, kesho yake tukafanya munkoyo, tukapika na samaki wa majani ya ndizi. Tulikwenda sote wawili. Mama Ngosa alifungua mlango nusu. Alimwangalia rafiki yake kwa upole, mimi hakuniangalia.

"Kyungu, usimugombeze mutoto," alisema. "Yeye alisema tu kile kilikuwa. Mè miye nimeshiba. Peleka kwa bale bako na njaa."

Akafunga. Nikamsikia akiweka komeo kwa ndani. Mama Kyungu alibaki na chungu chake mkononi, na mvua ikaanza kumnyeshea.

Tangu siku hiyo Mama Ngosa hakuketi tena nje. Makaa akanunua mbali, maji akachota mapema kabla watu hawajaamka. Sisi tulisema, tumwachie hasira ipoe. Basi homa ilipomshika, katikati ya mvua zile kubwa, hakuna aliyejua. Zamani isingepita asubuhi bila Mama Kyungu kumwita kwa jina. Siku mbili mlango haukufunguka, nasi tulidhani bado anatukataa. Siku ya tatu mume wangu alivunja komeo.

Sisemi mabaki yangu ndiyo yaliyomuua. Ni homa. Lakini nani alimfungia mlango?

Mpwa wake Chanda alifika kutoka Kasenga kwa ajili ya kilio. Alipokuwa akipanga vyombo, alitoka na furushi dogo la karatasi, ndani yake samaki wakavu watatu, waliopangwa vizuri kwa ukubwa.

"Hizi shangazi aliniomba kabla ya Bonane," alisema. "Alisema ni za kurudishia sahani. Sahani ya nani?"

Mama Kyungu aliniangalia, nikaelewa kwamba jibu ni langu. "Yetu," nilisema. Chanda alinikabidhi. Tuliwapika katika chungu cha msiba, nikagawa mimi kwa mkono wangu.

Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Mama Kyungu naye alikwishafariki. Sasa mimi ndiye mzee wa mlango wa pili. Mjukuu wa jirani huniletea sahani siku za sikukuu, mara nyingine katika mfuko wa plastiki, wali umegandamana kwa sababu umeme ulikatika na friji ikalala. "Koko, hii ilibakia," ananiambia, akiniita bibi. Napokea, nakula, na mfuko wake unarudi na ndimu, maana mimi najua kukataa kunafikisha wapi. Lakini usiku sahani ile ya Katuba inakuja mbele yangu.

Basi shika haya. Usitupe chakula cha sikukuu, na usikitoe kikiwa na alama za vidole vyako. Kiponde, kikaange, kitoe miiba, kitafutie jina jipya. Kipeleke ukiomba kuonjewa, wala usiseme mbele za watu kwamba umeshiba. Na sahani ikirudi tupu, usiipange kabatini. Vaa viatu, uende siku hiyohiyo.

Mungu akupe jiko lisilokosa moto, na jirani wa kukuambia munkoyo yako uliiharakisha. Na mlango wako usifungwe kwa ndani siku ya homa yako.