Mwandiko wa Mama Chini ya Vigae

Kazi ya kutunza mawe ilinipeleka Java, mimi mkazi wa Uyole. Tulisafisha hekalu la kale la Wabudha kwa maji na brashi laini, maana ukiparua kuvu kwa pupa unaondoka na jiwe lenyewe. Kwenye msingi kuna picha za kuchonga, na juu ya baadhi yake maneno mafupi ya Kijava cha kale. Yasemekana yaliwaelekeza wachongaji. Zamani hizo hizo msingi ulizibwa kwa ukuta wa mawe, na leo kona moja tu ndiyo iko wazi. Kila nilipoyatazama maneno yale nilimkumbuka mama.

Mama alijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha ngumbaro. Tulipomzika baba, kwetu Iringa, fundi alimaliza kusakafia kaburi, mama akachukua msumari akaandika mwenyewe kwenye saruji mbichi: PUMZIKA BABA WATOTO. Mstari ulipanda kama njia ya kwetu mlimani. Sina barua yake hata moja. Naye alipofariki, kazi ya Java ikiwa haijaisha, nilikuja tukamlaza ubavuni mwa baba, nikajiapiza kwamba nikitoka Java nitayasafisha maandishi yale kwa mikono yangu.

Niliporudi, mdogo wangu wa kiume, anayeuza mitumba Mwanjelwa, alinipeleka Iringa kwa gari lake. Njia nzima alitabasamu peke yake. Nikakuta makaburi yote mawili yamevishwa vigae vyeupe, yanang'aa kama bafu la gesti.

"Lile la mzee lilishaota ukoko, dada," akasema. "Na maneno ya mama sijayatupa. Si unayaona hapo kwenye marumaru?"

Yalikuwepo kweli, yamenyooka, yamepakwa rangi ya dhahabu. Nilikasirika, nikamgeukia. Kisha nikaona anavyonitazama, anasubiri nimsifu, nikakaa chini nikalia. Nilipomweleza kwamba nilitaka mwandiko wenyewe wa mama, alikimbilia garini kuchukua patasi avibandue vigae.

Ndipo nilipoona, nyuma ya kaburi, vipande vya saruji kuukuu vimetupwa. Kimoja kilikuwa na herufi iliyochorwa kwa msumari. Fundi wa vigae alikuwa amechimbua uso wote wa kaburi la baba ili gundi ishike. Nikavisukumia majanini kwa kiatu kabla mdogo wangu hajafika.

"Acha," nikamwambia. "Yako salama humo ndani. Hata Java waliziba hivyo hivyo, na maneno yakabaki."

Akashusha pumzi, akapangusa kigae kwa mkono wa shati.

"Kumbe nimeyatunza," akasema.