Mbegu Zilizowekwa kwa Wifi

Mtaani kwetu aliishi mwanamke mshonaji ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Bibi Fundi. Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili, na cherehani aliiweka karibu na mlango wa roshani ili apate mwanga. Roshani yenyewe ilikuwa hatua nne kwa mbili. Aliyeingia na karai mikononi hakuwa na budi kutoka kinyumenyume. Humo zilipangwa ndoo kumi na moja zilizokuwa za rangi, zimetobolewa chini kwa msumari wa moto, na katika kila ndoo ulisimama mnyanya mmoja, mfupi, mnene wa shina, usiovuka kiuno cha mtu mzima hata ukizeeka.

Minyanya hiyo haikununuliwa popote. Aliyeianzisha ni marehemu mumewe, karani wa posta, mtu aliyejaliwa subira. Alikuwa na mnyanya mfupi ambao matunda yake hayakuwa na ladha ila maji, na mwingine wenye matunda mekundu ya kukaribia weusi, matamu mno, lakini mrefu hata ukachungulia dirisha la jirani wa juu. Asubuhi moja alilifungua kwa kibano ua la ule mfupi kabla halijachanua, akaondoa chavua yake, kisha akalipaka chavua ya ule mrefu kwa brashi ya wanja. Mkewe alipouliza brashi yake imekwenda wapi, alijibiwa kwamba imekwenda kuposa.

Mbegu za ndoa ile zilitoa miche mirefu mitupu. Bibi Fundi akacheka, akasema upande wa bibi harusi umefutwa katika ukoo. Mumewe hakubishana. Alipanda mbegu za hiyo mirefu, na safari hii, katika kila miche minne, mmoja hivi ulitoka mfupi. Tangu hapo kazi ikawa kuchagua: mifupi ibaki, mirefu ing'olewe, na katika mifupi ubaki ule wenye tunda tamu zaidi. Mume alifariki msimu wa nne. Mke aliendelea peke yake, na msimu wa tisa miche yote ikatoka kwa sura moja, na tunda likawa ndilo lile alilolitafuta marehemu.

Jicho la kazi yake lilimfaa sana katika uchaguzi huo. Alikuwa akisema kwamba mche mfupi hujitambulisha ukiwa bado na majani manne tu: jani lake ni zito, la kijani kilichokolea, limekunjamana kama kitambaa kilichovutwa uzi, na jani la mche mrefu limelala bapa kama shuka iliyopigwa pasi. Hakuhitaji rula.

Mwenye akili haweki mali yake yote katika kibweta kimoja. Bibi Fundi aligawa mbegu mafungu mawili. Moja akabaki nalo katika chupa ya dawa iliyooshwa, la pili akalitia katika chupa nyingine kama hiyo, akaliweka amana kwa wifi yake, dada wa marehemu, tumbo moja. Wifi alikuwa na nyumba yenye uwanja upande wa pili wa mji. Alichoombwa ni kupanda mbegu chache kila mwaka na kukausha mpya, basi.

Kila walipokutana, wifi ndiye aliyetangulia kuleta habari za miche.

"Watoto wa kaka yangu hawajambo," angesema. "Wanakusalimu."

Matunda yao, hata hivyo, hayakupata kuonekana. Mwaka wa kwanza yaliliwa na ndege, wa pili na wajukuu, wa tatu na wageni walioingia bila hodi. Bibi Fundi alimtania kwamba uwanja wake una midomo mingi kuliko mikono, nao wakacheka pamoja kama mawifi wanavyocheka.

Mwaka wa nne Bibi Fundi aliona mbegu za chupa yake zimeanza kuchakaa. Minyanya ya msimu uliopita ilikuwa imekwisha kung'olewa, basi alizipanda zote kwa mara moja ili apate mpya, moyo wake ukiwa mtulivu, kwa kuwa fungu la pili lilikuwa salama. Miche ilipokuwa na urefu wa kidole, mafundi wa mwenye nyumba wakaja kuosha kuta za nje kwa maji yenye dawa kali. Maji yakatiririka ghorofa kwa ghorofa hadi ndani ya roshani yake, na kufika jioni kila mche ulikuwa umeungua.

Hakulia. Aliifunika cherehani, akavaa, akaenda kwa wifi.

Wifi alimkumbatia, akamkalisha, akaingia ndani, akakawia. Alitoka na kikaratasi kilichofungwa uzi.

"Hizi hapa," akasema. "Kaka yangu hawezi kufa mara mbili mimi nikiwa hai."

Neno hilo lilimtoa Bibi Fundi machozi ambayo ile dawa ya ukuta haikuyatoa. Akapanda mbegu ishirini, zikaota ishirini. Wifi naye, pamoja na magoti yake mabovu, akawa anapanda ngazi zile kila baada ya siku mbili tatu, mara na mfuko wa mboji, mara mikono mitupu, akiinamia ndoo na kuisifu miche kwamba imefanana na baba yao.

Siku ya kumi na nane majani ya kweli yalikuwa manne. Yalikuwa bapa. Bibi Fundi alidhani mwanga ni haba, akazisogeza ndoo. Akadhani amemwagilia kupita kiasi, akapunguza maji. Siku ya ishirini na mbili hakubakiwa na dhana yoyote. Jirani mmoja alimshauri aanze upya, naye akamjibu kwa upole kwamba misimu tisa si habari ya kumpa mtu wa miaka sabini, tena aliyekuwa na kibano amekwisha kwenda zake.

Wifi alipofika alimkuta ameketi kwenye kigoda, hashoni.

"Wifi, mbegu hizi ni za nani?"

"Za kaka."

"Niangalie mimi. Ndoo ziache."

Wifi akaketi juu ya kizingiti. Ilichukua muda, lakini alieleza yote. Mwaka ule wa kwanza miche ilipotoka mifupi, majirani zake walimcheka kwamba amepanda mchicha. Akaona haya, akaing'oa, akapanda minyanya ya sokoni. Mbegu zilizosalia alizimwaga, akaitilia chupa pilipili. Na hizi ishirini zilitoka katika minyanya yake ya uani.

"Kwa hiyo ulijua tangu mwaka wa kwanza."

"Nilijua."

"Na salamu ulizokuwa ukiniletea?"

"Niliogopa, wifi. Kila mwaka nikaogopa zaidi."

Bibi Fundi akasema polepole, "Chupa yangu ilikuwa imejaa. Ungeniambia mwaka ule, ningekugawia tena, na mchicha wako tungeucheka wote wawili. Mimi nilizipanda zote kwa sababu yako."

Wifi akaomba msamaha kwa jina la Mungu na la kaka yake.

"Wa Mungu nimekupa, maana nami nauhitaji Kwake. Wa kaka yako kamwombe mwenyewe, siku mtakapoonana. Ila kitu cha kunitunzia, wifi, sitakupa tena, hata sindano."

Watu wa kale walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Sijui wangesemaje juu ya huyu, aliyezaliwa tumbo moja na mtu, kisha akawazika watoto wa ndugu yake huyo na kuleta salamu zao.

Wifi alishuka ngazi akishika ukuta, na hakuna aliyemsindikiza. Bibi Fundi aliinuka, akaenda kwenye ndoo, akaanza kung'oa mirefu, mmoja mmoja, kwa utaratibu ule aliofundishwa na mumewe, mpaka hapakuwa na mche wa kubakisha.