Picha za Mae Nilizozipunguza

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitetee. Nimekaa nalo moyoni mpaka limenichosha, bora nilitoe hapa.

Nina steshenari Hamugembe, Bukoba. Nachapa barua, natoa kopi, nawatumia watu barua pepe. Mdogo wangu wa kike anasoma nje ya nchi. Aliniomba nimpigie picha mama yetu, tuliyemwita Mae, aliyekuwa akiishi kwetu Muleba. Hakutaka za simu. Alitaka za kamera, kubwa, azichapishe na kuzitundika ukutani kwake, maana likizo ilikuwa bado mbali.

Nilienda Jumapili baada ya misa. Mae alisimama kibanjani kati ya migomba, lakini akanizuia kwanza.

"Ngoja waitu, nifunge kitambaa vizuri. Mwanangu asije akadhani tunateseka."

Nikapiga kumi na moja. Katika moja anacheka, na Mae hakuwa mtu wa kuichekea kamera.

Jumatatu dukani barua pepe ikagoma, picha zilikuwa nzito. Ningeweza kuzituma mbili mbili. Lakini wateja walikuwa wamejaa, nikaona kutuma hivyo kutanichelewesha. Nikazipunguza zote kwa mkupuo zikawa kama stempu, nikazisevu juu ya zile zile. Zikaenda. Za kwenye kamera nikazifuta, nilikuwa na harusi ya kupiga picha wiki hiyo.

Jioni akaniandikia: "Kaka, mbona ndogo? Nikizikuza sioni hata macho ya Mae. Nitumie zile kubwa."

Nikafungua folda. Kubwa hazikuwepo. Nilielewa palepale nilichofanya, mimi ninayewafundisha wenzangu kompyuta! Aibu ikanishika, nikamjibu kwamba kwangu ziko safi, tatizo ni kompyuta yake.

Akaamini. Akaipeleka kwa fundi. Akaazima ya mwenzake. Kila alipouliza nilirudia uongo ule ule, huku nikijiambia nitakwenda Muleba nikapige nyingine. Miezi miwili ikapita sijakwenda.

Asubuhi moja Mae alianguka, presha ilimpanda. Hakufika hospitali.

Mdogo wangu alikuja kuzika. Nilimpokea Bukoba, na kabla ya safari ya Muleba akataka tupitie dukani achague picha ya kuweka mbele ya jeneza. Nilishindwa kumzuia. Alikaa kwenye kiti changu, akafungua ile ya Mae anacheka, akaikuza. Uso ukawa vimiraba vya kahawia. Akafungua zote kumi na moja, moja baada ya nyingine.

"Kumbe hata kwako ziko hivi," akasema.

Hakunigombeza. Tulizika bila picha. Alirudi masomoni, na simu zangu hapokei.

Wewe unayesoma, ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama utaonekana mjinga. Muleba ni basi moja tu kutoka hapa. Miezi miwili yote ile Mae alikuwa mzima, yuko nyumbani, na angekubali kupigwa picha tena kama ningemwomba.