Mama Devotha Alivyohojiwa kwa Ajili ya Mbwa

Jamani, Mama Devotha kapata mbwa! Mzima, mnene, anabweka mpaka mtaa mzima umeshamjua.

Mama huyu anauza viazi sokoni Njombe, na gunia hanunui mpaka alimwage chini aone vya katikati. Lakini mbwa wake wa kwanza alimnunua stendi, ndani ya boksi, bila kuuliza kitu. Wiki haikuisha, akafa. Mama alilia, ingawa mwenyewe anasema ulikuwa moshi wa jikoni.

Safari hii akaenda Makambako kwa Benno, mfugaji wa mbwa. Akataka kumwona mama wa watoto wa mbwa, akaonyeshwa. Akataka kadi ya chanjo, akapewa. Kumbe na Benno ana maswali yake, utadhani mama kaja kuposa.

"Mama, atalala wapi?"

"Jikoni, baba. Baridi ya Njombe si unaijua."

"Utamfunga mnyororo kutwa?"

"Kwani kaiba nini?"

Benno akacheka. "Na akikushinda?"

Mama aliogopa jibu baya litamkosesha mbwa. "Nitamrudisha kwako," akasema taratibu.

"Hapo sawa. Usimtupe, mlete. Ila bado ananyonya, urudi mwezi ujao."

Basi Mama Devotha, ambaye hajui kutoka sokoni mikono mitupu, akarudi Njombe mikono mitupu na tabasamu lake. Mwezi ulipofika, alikuwa mlangoni kwa Benno kabla mwenye nyumba hajanywa chai.

Kama unamjua mtu anayetafuta mtoto wa mbwa, mtumie hii.